Sauti ya Nne: Karl Klingler, Mpiga Fidla na Mwalimu

Mada iliyotolewa mbele ya kwaya za Usharika, Gonja



Kila mwanakwaya wa Gonja ajua kwamba wimbo wa sauti nne hausimami bila besi. Aliyeishika kanuni hiyo kwa gharama kubwa ni Karl Klingler, mpiga fidla wa Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari wa Leipzig walioleta Injili katika milima ya Upare.

Klingler alizaliwa Strasbourg mwaka 1879. Alifundishwa huko Berlin na Joseph Joachim, mpiga fidla mashuhuri wa ukoo wa Kiyahudi, aliyebatizwa katika Kanisa la Kilutheri mwaka 1855. Mwaka 1905 Klingler aliunda kundi la wapigaji wanne: fidla mbili, viola na selo. Muziki wa namna hiyo hauna mwongozaji wa kupunga mkono. Kila mpigaji ana sehemu yake peke yake, wala hana wa kumfichia kosa. Hivyo hana budi kuwasikiliza wenzake kama anavyojisikiliza mwenyewe. Hayo ndiyo Klingler aliyowafundisha vijana kwa miaka mingi, akiwa profesa katika Chuo cha Muziki cha Berlin.

Utawala wa Hitler ulipoanza mwaka 1933, Wayahudi waliondolewa katika vyuo na okestra. Mpiga selo wa Klingler, Ernst Silberstein, alikuwa Myahudi. Klingler alitakiwa amwache ili wengine waendelee. Alikataa. Mwaka 1936 kundi lililodumu kwa miaka 31 likavunjika. Silberstein alihamia Marekani, akapiga selo katika okestra ya Cleveland. Klingler alifariki mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 91.

Kundi lilikoma, lakini mafundisho hayakukoma. Mwanafunzi wake Mjapani, Shinichi Suzuki, alirudi kwao, na baada ya Vita Kuu ya Pili akafundisha fidla watoto wadogo mjini Matsumoto, akiamini kwamba kila mtoto aweza kujifunza muziki kama ajifunzavyo lugha ya mamaye. Njia yake imeenea katika mataifa mengi.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili mmoja wenye viungo vingi. Katika mwaka huu wa jubilei, kwaya na zijiulize: je, yuko aliyeachwa nje ili waliobaki waimbe kwa raha? Akiwapo, na afuatwe nyumbani kwake kabla wimbo haujaanza.