LORI HUPIMWA KWA EKSELI, SI KWA MACHO

(Mazungumzo mbele ya wanachama)



Msimu wa korosho ukifika, sisi wenyewe ndio tunaomwambia utingo, "Bado kuna nafasi, ongeza!" Nafasi kwenye bodi si ruhusa. Tuelewane hapo.

Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inayatazama magari ya mizigo kwa uzito na ekseli. Gari linalozidi tani 3.5 lazima lipite kwenye mizani. Ekseli ya usukani mwisho tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Kwa hiyo lori la ekseli mbili mwisho wake tani 18, pamoja na gari lenyewe. Yale makubwa ya trela, mwisho tani 56. Likizidi, ni faini.

Haya, tupige hesabu. Tuseme lori tupu lina tani 7. Zinabaki 11. Kwa gunia la kilo 80, ni magunia 137 tu, tena yapangwe sawasawa yasilemee nyuma.

Kwa nini? Wataalamu wa Marekani walipima barabara miaka ya 1958 hadi 1960, wakaona uzito wa ekseli ukiwa mara mbili, uharibifu huwa kama mara 16. Sisi watu wa pwani twajua: jahazi likizidishiwa linazama. Lori halizami, linazamisha barabara. Na barabara ya Mtwara, Lindi hadi Kibiti ikifa, korosho yetu itapita wapi?

Basi ndugu, tuhesabu magunia kabla ya kupakia.

Ushirika hoyee!