Kumtetea Mwajiri Kabla ya Kesi



Kwa sehemu kubwa ya uwakili wangu nimeketi upande wa mlalamikiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, katika migogoro ya kazi nchini Tanzania. Wanafunzi wa sheria huniuliza ninawezaje kumsimamia tajiri dhidi ya mtu aliyepoteza mshahara. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mwajiri hutetewa vyema kabla barua ya kuachisha kazi haijaandikwa, na utetezi huo humfaa mfanyakazi pia.

Sheria ndiyo iliyopanga hivyo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha. Ndiyo maana katika migogoro hii hutangulia kutoa ushahidi, ingawa aliyelalamika ni mwenzake.

Chukueni mtunza stoo anayetuhumiwa kuiba. Asubuhi meneja amekuta upungufu. Mchana barua imeshasainiwa. Miezi kadhaa baadaye mwamuzi anauliza: nani alichunguza? Tuhuma aliandikiwa lini? Muhtasari wa kikao cha nidhamu uko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi nayo ni vivyo hivyo. Mwajiri hadaiwi kuthibitisha wizi kwa kiwango cha jinai. Inatosha uwezekano wa kutokea uzidi wa kutotokea. Lakini hata akiuthibitisha, aliyeruka utaratibu amemwachisha mtu isivyo haki.

Utaratibu wenyewe, katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, hauhitaji kampuni kubwa: uchunguzi, tuhuma kwa lugha anayoielewa mtuhumiwa, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida saa 48 zinatosha, mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama wa kumsaidia, na mwenyekiti asiyehusika na tukio.

Wateja wangu huziona saa hizo 48 kuwa hisani kwa mwizi. Mimi huwaambia ni zao. Katika muda huo hati ya kupokelea mzigo iliyobaki kwa dereva inaweza kuonekana, na upungufu ukawa kosa la hesabu, au mwizi akawa mtu mwingine. Bila muda huo, mwizi halisi angebaki stoo, na mtu mwaminifu angekuwa barabarani. Kikao cha kuigiza, ambacho hukumu yake imechapwa tangu jana, hakigundui lolote.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi wa sheria mtakaochagua upande huu, msipimwe kwa tuzo za Tume mlizozipinga Mahakama Kuu. Mteja akipiga simu akiwa amekasirika, kalamu mkononi, mwambieni asisaini. Akikataa ushauri, mteteeni kwa uaminifu. Ila hakikisheni aliusikia kwanza.