Deni Lisiloonekana



Tangu mwaka 1966, Jaramogi na wenzake walipokihama KANU wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura, sheria humfunga mbunge kwa chama chake. Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kingali hivyo. Nidhamu hatuikatai. Mfadhili, je? Mkulima wa tumbaku hapa Migori huchukua mbolea ya kampuni kwa mkopo, na siku ya malipo hukatwa naye akijua. Deni la mbunge halina karatasi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa 2013, lakini viwango vya matumizi havikutekelezwa 2017 wala 2022. Basi mgombea akituletea bahasha nene kanisani, tumwulize hadharani: ni nani aliyeijaza, naye atadai nini?