Zawadi Itokayo kwa Baba

Mazungumzo ya redio kwa majira ya Krismasi
Masomo: Kumbukumbu la Torati 6:20-25, Luka 2:1-24

Tumo katika majira ya Krismasi, na leo twataka kusema nanyi habari za baba na mtoto wake mdogo. Akina mama, msizime redio. Maneno haya ni yenu pia. Lakini mara nyingi siku hizi mama hutazamwa jikoni, na baba hutazamwa mfukoni. Basi leo na tuanze na huyu wa mfukoni.

Sisi tukaao Junda, huku Kisauni, upande wa bara wa Mombasa, twajua Krismasi yetu ilivyo. Ni wakati wa kaskazi. Jua ni kali, maembe yameiva, na usiku watu hutoa mikeka nje kutafuta upepo. Theluji hatuna. Hata hivyo, ukipita kwenye maduka makubwa mwezi wa Desemba, huenda ukamwona Baba Krismasi amevaa koti zito jekundu na ndevu za pamba, huku jasho lamtiririka shingoni. Watoto humtazama wakashangaa. Wao jasho hawalioni. Waona ajabu.

Je, sisi wazazi tuifanyeje ajabu hiyo? Wako wasemao ni upuuzi, ikatazwe kabisa. Wako pia wasemao mtoto aachwe aamini lolote, maadamu anafurahi. Tusiwe wepesi kuhukumu upande wowote. Kwanza tuulize, huyu mzee ametoka wapi?

Chanzo chake ni mtumishi wa kanisa. Katika karne ya nne aliishi askofu aitwaye Nikolao, katika mji wa Mira, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Makanisa mengi humkumbuka tarehe 6 Desemba. Yako masimulizi ya zamani ya kwamba palikuwa na baba mmoja maskini mwenye binti watatu, naye hakuwa na mali ya kuwaoza. Nikolao akaenda usiku, akawatupia dhahabu nyumbani mwao kwa siri, asitake kujulikana. Baadaye Waholanzi walimwita Sinterklaas, na kule Marekani jina hilo likageuka kuwa Santa Claus. Koti na ndevu tunazoziona leo zilifuata baadaye sana.

Mwaona, ndugu? Mwanzoni mwa masimulizi hayo hapana duka. Yuko baba aliyeishiwa, na yuko mtu aliyetoa bila kutaka sifa.

Sasa tumfikirie baba mmoja wa mtaani kwetu. Tusimpe jina, maana wako wengi wa namna yake. Kazi yake ni kibarua cha mjengo. Desemba ikifika mjengo husimama, mafundi huenda kwao, na malipo ya mwisho huja nusu. Mwanawe ana miaka sita. Ameona gari jekundu la plastiki dukani, na tangu siku hiyo kila jioni habari ni gari. Baba ahesabu fedha zake. Kuna kodi ya chumba. Kuna unga na mafuta. Januari shule zitafunguliwa, na sare ya mtoto imekuwa fupi. Jirani amwambia yuko mtu akopeshaye haraka, ila riba yake ni kubwa.

Hapo ndipo penye jaribu, wapenzi. Baba huyu hapendi anasa. Aogopa tu kuonekana si kitu mbele ya mwanawe. Na wengi wetu twajua jinsi hofu hiyo iwezavyo kumtia mtu katika deni la siku moja ambalo hulipwa mpaka Pasaka.

Lakini tuseme kwamba hakukopa. Aliokota waya kule mjengoni, kwa ruhusa ya msimamizi. Kila usiku mtoto alipolala, alikaa mlangoni akaupinda waya ule kwa koleo, kidogo kidogo, mpaka likatokea gari. Magurudumu akayakata katika ndara zake kuukuu. Akaleta tawi la mvinje, akalisimamisha ndani ya kopo la mchanga, na gari akaliweka chini yake. Asubuhi ya tarehe 25 mtoto aliamka, akaona, akapiga kelele ya furaha hata majirani wakachungulia.

Halafu akanyamaza. Akaligeuza gari lile, akatazama magurudumu, akauliza, "Baba, hizi si ndara zako?"

Ndugu msikilizaji, ungejibu nini? Aweza kusema, "La, si zangu, ni za Baba Krismasi." Lakini mtoto amekwisha kuziona. Siku zote huziona mlangoni. Akidanganywa katika jambo aliloliona kwa macho yake, kesho atayaaminije maneno ya baba katika mambo asiyoyaona? Maana ni baba huyo huyo amwambiaye kwamba yuko Mungu mbinguni.

Na baba ajibu, "Ndiyo mwanangu, ni zangu. Nimekutengenezea usiku ulipolala." Je, ajabu imekufa hapo? Hata kidogo. Mtoto yule atalikokota gari lake ua mzima, akimwambia kila mtu, "Baba yangu ndiye aliyelitengeneza!" Alidhani zawadi imetoka mbali kwa mtu asiyemjua. Sasa ajua kwamba imetoka karibu, kwa mtu ampendaye, na kwamba ndani yake mna kitu cha baba mwenyewe.

Wapenzi, hiyo ndiyo Krismasi. Mungu hakuturushia zawadi kutoka mbali kisha akajificha. Alimtoa Mwana wake wa pekee, akaja akavaa mwili wetu, akalazwa mahali pa kulishia wanyama. Kadiri tunavyomtazama Yesu kwa makini, ndivyo tunavyomtambua Baba aliyemtuma.

Tena maswali ya mtoto yasitutie hofu. Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa sita, Musa aliwaambia wazazi wa Israeli kwamba siku itakuja watoto watauliza maana ya maagizo yale. Hakuwaagiza wawanyamazishe. Aliwaambia wawajibu, wawasimulie jinsi Bwana alivyowatoa utumwani Misri. Basi mtoto akiuliza habari za Baba Krismasi, mlango umefunguka. Msimulie habari za Nikolao, kisha upesi msimulie habari za Bethlehemu. Zile za Bethlehemu hazihitaji kutiwa chumvi. Malaika, wachungaji wa kondoo, nyota, wageni wa mashariki na dhahabu, ubani na manemane. Watoto wa pwani waijua harufu ya ubani tangu kuzaliwa. Waambie kwamba Bwana Yesu naye aliletewa ubani.

Na ninyi akina baba mnaoona haya kwa sababu ya mfuko, mtazameni Yusufu. Luka asimulia kwamba wazazi wa Yesu walipompeleka hekaluni, sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili. Torati katika Walawi mlango wa kumi na mbili iliruhusu sadaka hiyo kwa mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Basi Mungu alipomchagulia Mwana wake mlezi hapa duniani, alimchagua fundi ambaye bei ya mwana-kondoo ilimshinda. Yusufu hakuwa na fedha nyingi, lakini alikuwako. Alisafiri na mkewe, alisimama karibu na hori, naye usiku ule wa hatari aliamka akawachukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri. Baba aliyeko nyumbani jioni ya Krismasi, mwenye akili zake timamu, asiyelewa, anayemketisha mtoto karibu naye na kumsimulia, huyo amempa mwanawe zawadi kubwa.

Liko jambo moja la mwisho. Mitaani mwetu wako watoto ambao hawana baba wa kuwakatia magurudumu. Sisi wa Kisauni jambo hili si geni kwetu. Hapa karibu pana Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa C.M.S. kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kati yao walikuwamo watoto walionyang'anywa kwao, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini. Walifika pwani hii bila baba wala mama. Kengele ya mji ule ingali ipo, na mahali pale paitwa Kengeleni mpaka leo. Kila tupitapo pale kwa matatu tukielekea daraja la Nyali, tukumbuke kwamba kanisa la sehemu hii tangu mwanzo wake lilipewa watoto wa watu wengine liwalee.

Basi mwaka huu, mtoto wako akisha kujua siri, usimwache nje ya siri hiyo. Mwingize ndani. Mwambie, "Sasa umekuwa mkubwa, tutatoa pamoja." Mpeleke usiku, mkiwa na sahani ya pilau au shati lililofuliwa vizuri, mpaka kwa bibi yule aleaye wajukuu peke yake. Akiwa ni jirani yetu Mwislamu, heri. Mara ngapi sahani ya Idi imebisha hodi kwetu? Wekeni, mrudi kimya kimya. Mtazame mtoto wako njiani. Furaha yake ya kutoa itapita ile aliyokuwa nayo alipopokea, kama Bwana wetu alivyotufundisha.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa hukutuma zawadi tu, bali ulitujia mwenyewe katika Mwanao. Watie nguvu akina baba wasio na kazi majira haya. Waepushe na deni la aibu, na pombe ya huzuni. Uwape maneno ya kweli watoto wao wanapowauliza. Wakumbuke watoto wasio na baba, utufanye sisi kuwa mikono yako kwao. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.