Mashine Kazini ni Shahidi, si Hakimu

Haya ni maandishi kamili ya mada kuhusu haki za mfanyakazi mahali penye kompyuta, kamera na mashine za alama za vidole. Mada hii ni ya mabaraza ya wananchi na mikutano ya wafanyakazi na waajiri wa Kisii na Nyamira.



Siku hizi mfanyakazi anayeingia kazini asubuhi huenda asitie sahihi daftarini. Anaweka kidole kwenye mashine ndogo mlangoni, inalia, na jina lake linaingia kwenye kompyuta. Anayeuza katika duka la jumla ana kamera juu ya kichwa chake tangu kufungua hadi kufunga. Mkulima wa chai wa Nyansiongo, Kebirigo au Nyamache hupeleka majani kituoni, yakapimwa kwa mizani ya kielektroniki, na kilo zikaandikwa kwa nambari yake ya mkulima.

Mabadiliko haya yameleta maneno mengi. Kwenye matatu, sokoni Keroka na Daraja Mbili, na hata nje ya kanisa, kuna maoni matatu yanayorudiwa sana. La kwanza ni kwamba mashine haidanganyi. La pili linauliza: kama huna la kuficha, unaogopa nini? La tatu husema mashine hizi zimeletwa kuwanyang'anya watu kazi. Kila moja lina ukweli kiasi. Hata hivyo, anayeshika lolote kati ya hayo peke yake anaweza kupoteza mshahara, siri au kazi.

"Mashine haidanganyi"

Ni kweli kwamba mashine ya alama za vidole imepunguza ujanja wa zamani. Hakuna tena kumwomba mwenzako akutilie sahihi. Mshahara wa mtu asiyekuwepo ni mzigo kwa mlipa ushuru na kwa mwajiri, na kuna sababu nzuri ya kuuzuia.

Lakini mashine hukosea. Mchongaji wa mawe wa Tabaka hushinda akisugua jiwe kwa msasa na maji. Fundi wa ujenzi hushika saruji, na mkulima hushika jembe na panga. Kazi za mikono hulainisha mistari ya vidole, na mashine ikishindwa kuisoma, humkataa mtu aliyesimama mbele yake. Stima nayo hupotea. Ndiyo maana hata katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 kulikuwa na njia mbadala ya kumtambua mpiga kura ambaye kidole chake kilikataliwa.

Sasa fikiria mfanyakazi aliyefika kazini siku tatu, lakini kompyuta inasema hakufika. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa siku ambayo mfanyakazi hakuwepo bila ruhusa au sababu halali. Haimruhusu kukata siku iliyofanyiwa kazi kwa sababu tu mashine ilikataa kidole. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, mwajiri ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwepo, na amsikilize. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaongeza kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mtu ana haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake.

Kwa hivyo mashine ni shahidi, na ushahidi wake unaweza kupingwa. Mfanyakazi ambaye kidole chake kimekataliwa asinyamaze hadi mwisho wa mwezi. Amwambie msimamizi siku hiyo hiyo, amwandikie ujumbe mfupi wa simu ili kubaki na kumbukumbu, na aombe jina lake liandikwe daftarini. Mwajiri naye aweke daftari la akiba karibu na mashine. Daftari la shilingi chache huzuia kesi ya maelfu.

"Kama huna la kuficha, unaogopa nini?"

Swali hili huulizwa mara nyingi na mtu ambaye siri yake bado haijatoka. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutolazimishwa bila sababu kutoa habari za familia yake au mambo yake binafsi, na ya habari hizo kutofichuliwa ovyo. Ibara hiyo haisemi kwamba haki ni ya mwenye hatia au ya mtakatifu. Ni ya kila mtu.

Nywila ya simu ikijulikana, hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Ndiyo maana sheria imeweka alama za vidole katika kundi la data nyeti, pamoja na habari za afya, hali ya ndoa, mali, na majina ya watoto, wazazi, mume au mke. Anayechukua habari kama hizi amebeba dhamana.

Hatari yenyewe mara nyingi ni ya kawaida kabisa. Orodha ya mishahara inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Barua ya daktari inabandikwa ukutani ili kueleza kwa nini mtu fulani hayupo. Nakala za vitambulisho zinatupwa, kisha zinaonekana sokoni zimefungiwa njugu. Picha ya mfanyakazi inawekwa kwenye tangazo la biashara bila yeye kuulizwa. Kamera inayolinda bidhaa dukani ina sababu yake. Kamera katika choo au chumba cha kubadilishia nguo haina sababu.

Kabla ya kidole kuwekwa, mfanyakazi ana haki ya kujua mambo manne: ni habari gani inachukuliwa, ni ya kazi gani, nani ataiona, na itahifadhiwa hadi lini. Alama zilizochukuliwa kwa ajili ya mahudhurio zitumike kwa mahudhurio. Mtu akiacha kazi na hakuna tena sababu halali ya kuzihifadhi, zifutwe.

Wanaopuuza wamekwisha kuona gharama yake. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mkahawa mmoja ulitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na kampuni moja ya mikopo ya simu Sh2,975,000 kwa namna ilivyotumia majina na nambari za watu katika kudai madeni. Faini ya aina hii inaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, ikiwa kiasi hicho ndicho kidogo.

"Mashine zitatunyang'anya kazi"

Hofu hii si upuuzi. Familia nyingi za Kisii na Nyamira zina mtu aliyewahi kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Mnamo Mei 2023 waandamanaji huko walichoma mashine za kuchuma majani chai, wakilalamika kwamba zimechukua kazi za watu. Kuchoma mali ni kosa la jinai, na mashine iliyoungua haimrudishi mtu kazini. Lakini uchungu wa aliyekosa kazi ni wa kweli, na unastahili jibu.

Jibu mojawapo liko katika kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yao imechukuliwa na mashine ni lazima atoe ilani ya maandishi ya mwezi mmoja au zaidi, kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba. Asiyekuwa mwanachama apewe ilani yake mwenyewe. Katika kuchagua wa kuondoka, ni lazima kuzingatiwa muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Anayeondoka alipwe siku zake za likizo anazodai, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini.

Vibarua wengi husema sheria hiyo si yao. Hapa ndipo kompyuta inaweza kumgeukia mnyonge na kumsaidia. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimefika mwezi mmoja au zaidi anahesabiwa kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Zamani, kuthibitisha siku hizo ilikuwa neno la kibarua dhidi ya neno la bosi. Leo kidole chake kimeziandika siku zote hizo, na kumbukumbu hiyo ni haki yake kuiona.

Chini ya kanuni za mwaka wa 2021, anayeomba kuona data yake apewe ndani ya siku 7 bila malipo. Ikiwa ina makosa na ameomba isahihishwe, kazi hiyo ifanywe ndani ya siku 14. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima anayetilia shaka kilo zilizoandikwa kwa nambari yake. Atunze risiti na ujumbe wa simu, na aombe rekodi.

Sheria haichagui mwajiri

Wapo wanaodhani sheria hizi ni za kampuni kubwa za Nairobi. Biashara yenye wafanyakazi wasiofika 10 na mapato yasiyofika shilingi milioni tano kwa mwaka inaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data, lakini haisamehewi kulinda habari za watu. Serikali nayo haisamehewi. Mnamo Oktoba 14, 2021, Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data ya wananchi. Serikali za kaunti pia ni waajiri. Karani wa kaunti, muuguzi na mwalimu wa chekechea wana haki ile ile ya kuuliza maswali yale manne.

Mwenye malalamiko aanze kwa mwajiri wake, kwa maandishi, na abaki na nakala. Asiposikilizwa katika jambo la data, apeleke malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaruhusu kulalamika kwa mdomo au kwa maandishi, hivyo asiyejua kuandika hajafungiwa mlango, na malalamiko yanapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90. Jambo la mshahara au kufutwa kazi lipelekwe kwa afisa wa leba au chama cha wafanyakazi.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwajiri ana haki ya kujua nani amefika kazini. Mfanyakazi ana haki ya kujua kompyuta imeandika nini juu yake, na kuisahihisha inapokosea. Anayeweka kidole mlangoni kesho asubuhi na aanze kwa kuuliza: habari hii inakwenda wapi?