Shaba katika Udongo: Maneno kwa Wakulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Enyi wakulima, shaba ni kitu kinachojulikana na kila mtu wa Mvita. Ndiyo iliyofuliwa masufuria ya wazee, na ndiyo iliyomo ndani ya nyaya za umeme. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mchungwa na muhogo navyo hula shaba. Tangu mwaka 1931 wataalamu wamethibitisha kwamba mmea usiopata shaba kabisa hauwezi kukua ukatimia.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Kilo moja ya majani makavu ya mmea wenye afya huwa na shaba miligramu 5 hadi 20 tu. Hata hivyo kazi yake ni kubwa: husaidia jani kutumia mwanga wa jua, hukaza shina lisilegee, na huipa chavua ya ua nguvu ya kuzalisha. Katika Bonde la Ufa, kwenye udongo uliotokana na majivu ya milima ya moto, miaka ya 1960 ilionekana ngano iliyokosa shaba. Ngano ya namna hiyo hunyauka na kujisokota ncha za majani, kisha hutoa masuke yasiyo na punje.

Huku pwani hakulimwi ngano, lakini udongo wetu una mambo yake. Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni ni mchanga mwepesi, na karibu na bahari ni mawe ya matumbawe yenye chokaa nyingi. Mchanga hauna akiba ya shaba, na chokaa huizuia ile kidogo iliyopo isifike mizizini. Changamwe kuna mahali penye udongo mzito wa mfinyanzi, na udongo huo kwa kawaida huishika akiba vizuri zaidi.

Dalili zataka kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mtu huweza kudanganyika. Shaba haihami upesi kutoka jani kuukuu kwenda jani changa; kwa hiyo njaa yake huanzia juu, kwenye machipukizi. Jani la chini likiwa ndilo lililotangulia kugeuka manjano, mara nyingi mmea unalilia samadi, si shaba. Mchungwa uliokosa shaba kwanza hupendeza: majani huwa makubwa, ya kijani iliyoiva. Baadaye vitawi huinama, hutoa utomvu na kufa kuanzia nchani. Jambo la ajabu ni kwamba mti uliolundikiwa samadi ya kuku kupita kiasi ndio huelekea zaidi kupatwa na maradhi haya. Na muhogo wenye batobato usitiwe dawa ya shaba hata kidogo. Maradhi hayo huletwa na mbegu mbovu na nzi weupe, na shaba haiyaponyi.

Dawa yenyewe ni mrututu, uuzwao madukani kwa rangi yake ya buluu. Robo ya uzito wake ndiyo shaba. Huko Ufaransa, wenye mizabibu ya kando ya njia walikuwa wakiipaka mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe matunda. Bwana Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo haishikwi na ukungu, naye akaitangaza dawa hiyo mwaka 1885. Baadaye, katika michungwa ya Florida, nchini Marekani, walionyunyiza dawa hiyo hiyo kwa ajili ya ukungu waliona vitawi vilivyokuwa vikifa vikichipuka upya. Kumbe miti ilikuwa na njaa.

Lakini habari ya Florida haikuishia hapo. Wakulima wake, ambao mchanga wao hautofautiani sana na huu wetu, waliendelea kutia shaba mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1950 mashamba mengi yalikuwa yamejaa sumu. Mizizi ilidumaa na majani machanga yakapauka. Shaba ikishaingia ardhini haiozi wala haipotei upesi; itiwayo mara moja hutosha miaka kadhaa.

Kwa sababu hiyo asinunue mtu mrututu kwa kukisia. Udongo na upimwe kwanza, kwa kumwendea afisa wa kilimo au watafiti wa KALRO walioko Matuga na Mtwapa. Mrututu usichanganywe katika ndoo ya bati, maana huila. Chombo cha plastiki chafaa. Maji ya kuoshea yasimwagwe karibu na kisima wala mkondoni, kwani huua samaki, na kondoo wasilishwe majani yaliyonyunyizwa.

Anayechukua udongo wa kupimwa achimbe mahali pengi shambani, kina cha shubiri moja, auchanganye, kisha atoe kiasi cha kujaza vitanga viwili vya mikono. Atumie kijiti na mfuko safi, asitumie chombo cha shaba wala cha bati, kisije kikaongeza madini ambayo shambani hayamo.