Mimea Inayowasha na Kuchoma: Tuwalinde Watoto Wetu

  Salamu kwa kina mama mnaochuna majani chai hapa Kianjokoma, kina nyanya mnaolea wajukuu, na wote mliobaki nyumbani na watoto. Mada yetu ya leo ni mimea inayowasha na kuchoma ngozi.

Huenda umesikia kuhusu mmea wa Marekani uitwao poison ivy. Watoto wa huko hufundishwa kwamba mmea wenye majani matatu matatu usiguswe. Mmea huo hauoti porini hapa kwetu, na fundisho hilo halitatufaa, kwani hata maharagwe yana majani matatu matatu. Sisi tuna mimea yetu. Tuigawe katika makundi matatu, kwa sababu kila kundi lina huduma yake ya kwanza.

Kundi la kwanza ni mimea yenye vinyweleo. Hapa kwetu karibu na msitu wa Mlima Kenya tunaijua thabai, inayopenda kuota kando ya vijito na penye unyevu. Ukiigusa, inachoma papo hapo na ngozi inatoa vinundu. Thabai ni mboga nzuri, na ikishapikwa haichomi tena. Lakini ikiwa mbichi, ichume ukiwa umevaa glavu. Sehemu za chini zenye joto kuna upupu. Huu ni mmea unaotambaa, na maganda yake yana manyoya ya rangi ya kahawia ambayo hupeperushwa na upepo hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Mtoto akipatwa na vinyweleo hivi, usimsugue. Kusugua kunavizamisha zaidi kwenye ngozi. Mvue nguo polepole, kisha bandika selotepu juu ya ngozi na kuibandua ili ing'oe vinyweleo. Halafu mwoshe kwa maji baridi na sabuni, na umwekee kitambaa chenye maji baridi. Nguo zake zifuliwe peke yake. Mara nyingi uchungu wa thabai huisha baada ya saa chache.

Kundi la pili ndilo la hatari zaidi. Ni mimea yenye maziwa, yaani utomvu mweupe. Mfano ni ule mti wa ua wenye vijiti vya kijani visivyo na majani mengi, ambao jirani zetu Wakikuyu huuita kariaria na Watanzania huuita mnyaa. Watoto hupenda kuvunja vijiti hivyo wakicheza. Maziwa yake huchoma ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kuliharibu.

Tuchukue mfano. Mama anakata ua akiwa amembeba mtoto mgongoni. Tone moja linaruka na kumwingia mtoto jichoni. Mtoto analia kidogo, kisha ananyamaza. Mama anafikiri mambo yamekwisha, lakini usiku jicho linavimba, maumivu yanazidi na mtoto hawezi kutazama taa. Mama mwenzangu, utomvu huu hukawia kuonyesha ubaya wake. Usingoje uone.

Fanya hivi mara moja. Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni. Mlaze mtoto, uinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie jicho la pili. Fungua kope, umimine maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje. Endelea kwa dakika 20, hata kama analia. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema amepata nafuu. Usitie maziwa ya mama, maziwa ya ng'ombe, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine. Dawa nyingine zinaweza kuongeza madhara.

Kundi la tatu ni mimea ambayo upele wake huchelewa. Unaweza kuigusa leo na upele ukatokea kesho au keshokutwa. Ndiyo maana wengi hawajui kilichowadhuru. Mwembe na mkorosho ni wa jamii moja na ile poison ivy ya Marekani. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo cha embe unaweza kumletea mtoto upele kuzunguka mdomo. Kwa hivyo osha maembe na uyamenye kabla ya kumpa. Mgrivea, ambao wengi hapa tunauita mukima, una kemikali inayofanana na hiyo. Si kila mtu hudhurika, lakini wapo wanaovimba na kuwashwa baada ya kupasua kuni mbichi au kushika vumbi la mbao zake.

Ukijua umegusa utomvu wa kundi hili, osha ngozi kwa maji baridi na sabuni haraka iwezekanavyo. Osha pia panga, nguo na chini ya kucha. Upele ukishatoka, losheni ya kalamaini hupunguza mwasho. Kata kucha za mtoto ili asijikune na kuleta usaha. Upele huu unaweza kuchukua wiki mbili au tatu kupona. Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu mwingine, kwa hivyo mbebe mtoto wako bila hofu.

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona upele umemwenea mwili, umefika machoni, mdomoni au sehemu za siri, unatoa usaha, au ana homa. Midomo au uso ukivimba, au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Kimbilia hospitali wakati huo huo. Ukiweza, beba kipande cha mmea kikiwa kimefungwa kwa karatasi, ili daktari aone.

Kabla hatujaagana, kumbuka mambo haya. Ukikata ua wenye maziwa, mwache mtoto mbali, vaa nguo ya mikono mirefu, na usichome matawi yake, kwani moshi wake unaumiza macho na kifua. Wafundishe watoto mimea hii kwa kuwaonyesha wakiwa mbali nayo. Na mtoto akikuambia amecheza na kariaria, usimchape. Mtoto anayeogopa fimbo huficha jicho lake, na zile dakika za kwanza za kuosha ndizo zinazookoa jicho.